Gigabaiti 138 zilizokuwa chini ya mkeka

Mwezi wa tano mwanzoni, saa nne asubuhi, niko kituoni nasubiri daladala, simu ikaita. Naangalia, mhasibu wa ile ofisi ndogo ninayowaangaliaga seva yao. Ni mama mtu mzima, ofisi nzima tunamwita shangazi, na shangazi huwa hapigi simu asubuhi kusalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mfumo umegoma. Kila nikisevu risiti unaniletea maandishi mekundu ya kizungu."

"Yanasemaje?"

"Nospesi, nospesi nini sijui. Njoo bwana, watu wamejaa hapa kaunta."

Haya, nospesi najua, ni "no space", diski haina nafasi. Nikafungua Termux, app ya kuandikia komandi kwenye simu, pale pale kituoni nikaingia kwenye seva kwa mbali kupitia ssh, na komandi ya kwanza ambayo vidole vyangu huandika vyenyewe hata kabla sijafikiri ni hii, ya kuuliza diski imejaa kiasi gani:

```
$ df -h /
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda2       219G  208G     0 100% /
```

Imejaa. Sasa kabla sijaendelea niseme kitu kuhusu hizo namba maana kuna mtu atauliza. Hiyo SSD imeandikwa GB 240 kwenye boksi, sasa 219 inatoka wapi? Hakuna aliyekuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, `df -h` inahesabu kwa 1024, kwahiyo 240 ya kiwanda ni kama 223 ya df, alafu toa patisheni ndogo ya kuwashia mashine na nafasi ambayo ext4 (mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga mafaili) yenyewe inajiwekea kwa ajili ya vitabu vyake. Ukiandika `df -H` kwa herufi kubwa utaona hesabu ya kiwanda. Jambo la pili, 219 toa 208 ni 11, mbona Avail imeandika sifuri? Hizo 11 zipo ila zimetengwa. Ext4 ukiitengeneza bila kuiambia kitu inatenga asilimia 5 kwa ajili ya rutu, ili diski ikijaa mkuu wa mashine bado aweze kuingia na kufanya usafi. Kwenye diski ya mfumo hiyo ni akiba nzuri, usiiguse. Ila kwenye diski ya TB 2 ya kuwekea bakapu tu, asilimia 5 ni karibu gigabaiti 93 zimekaa bure, hapo unaweza kuipunguza kwa `tune2fs -m 1` na hakuna kitakachoharibika.

Turudi kituoni. Nilichofanya baada ya hapo ndo kosa ambalo mafundi wote tunalifanya tukiwa na haraka, nilianza kufuta. Nilikuwa najua kuna logi moja (faili la kumbukumbu) ya ule mfumo wa risiti imenenepa, nikaiangalia, gigabaiti 9, nikaipiga `rm`. Nikaandika `df -h /` tena nikiwa nimeshaanza kutabasamu.

208G. Haijashuka hata nukta.

Daladala yangu ikapita nikaiacha.

Basi nikamuuliza du, komandi nyingine ya kupima nafasi. Hapa inabidi nieleze tofauti ya hawa wawili maana ndo kiini cha hadithi yote. Chukulia duka. `df` anaenda kwa mwenye duka anamuuliza "daftari lako linasema una mali kiasi gani?", mwenye duka anasoma jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa, sekunde haijaisha jibu limepatikana. `du` yeye hamwamini mwenye duka, anaingia ndani anapita rafu moja moja anahesabu sabuni, anahesabu unga, anahesabu kiberiti, mwisho anajumlisha mwenyewe. Ndo maana df inajibu papo hapo na du inaweza ikakuacha ukaenda kunywa chai. Na ndo maana wakati mwingine hawakubaliani: kuna mali ipo kwenye daftari ila kwenye rafu haionekani.

```
$ sudo du -xsh /
61G     /
```

Daftari linasema 208, rafu zinasema 61. Hiyo `x` usiisahau, inamwambia du abaki kwenye diski hii hii asivuke kuingia kwenye diski nyingine zilizomauntiwa (zilizounganishwa kwenye folda) ndani yake, bila hiyo angeingia mpaka kwenye eksteno ya bakapu (diski ya nje ya kuwekea nakala) na kukuletea namba isiyo na maana. Na `sudo` pia usiisahau, maana folda ambazo huna ruhusa nazo du anazipita tu, ukadhani umehesabu kila kitu kumbe vyumba vitatu vilikuwa na kufuli.

Tofauti ya gigabaiti 147, si masihara. Moja nililijua haraka: faili nililolifuta. Kwenye Linux ukifuta faili huku kuna programu bado imelishika, jina ndo linatoka kwenye folda, lakini data yenyewe inabaki mpaka yule aliyelishika aliachie. Du hawezi kuliona kwa sababu halina jina popote, daftari bado linalihesabu. Kuyaona mafaili ya namna hiyo:

```
$ sudo lsof +L1
```

Inaleta kila faili lililofunguliwa ambalo idadi ya majina yake imeshuka chini ya 1, yaani sifuri. Lilikuwepo, logi yangu ya gigabaiti 9, imeshikwa na mfumo wa risiti kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake. Nikaristati ile huduma, df ikashuka ikawa 199G, risiti zikaanza kusevu, shangazi akanitumia ujumbe "ubarikiwe mwanangu", nikapanda daladala nikiwa fundi bingwa.

(Ukijikuta kwenye hali hii na huwezi kuristati huduma kwa sababu watu wanaitumia, basi chukua namba ya mchakato na namba ya faili hapo kwenye lsof uimwage kupitia `/proc`, kitu kama `: > /proc/812/fd/5` ukiwa rutu. Nafasi inarudi hapo hapo. Bora zaidi ni kutolifuta kabisa, kulimwaga tangu mwanzo kwa `truncate -s 0`, lakini nani anakumbuka hayo akiwa kituoni.)

Sasa we msomaji umeshaiona hesabu. 199 toa 61 ni 138. Gigabaiti 138 bado hazijulikani ziko wapi na mi nilikuwa nimeshapanda gari. Hesabu ilikuwa wazi kabisa mbele ya macho yangu ila shida ikishapoa mtu hana hamu ya kuuliza tena.

Siku nne. Siku nne tu shangazi akapiga tena, na safari hii salamu ilikuwa fupi. Logi ile ile ilikuwa imenenepa tena (huo ni ugomvi mwingine kati yangu na aliyeandika ule mfumo, tuuache), gigabaiti 9 nilizookoa zikawa zimeliwa, tumerudi 208. Nikasema leo siendi na simu, nikachukua laptopu nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye kile kichumba cha seva ambacho pia ni stoo ya karatasi na mahali pa kuhifadhia mafagio.

Swali ambalo sikuwa nimeliuliza siku ya kwanza, na ambalo sasa nalianza nalo kila mahali, ni dogo: ni nini kimemauntiwa wapi? Sio ninachodhani mimi, sio kilichoandikwa kwenye fstab (orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka), nataka jibu la kerneli yenyewe, ule moyo wa mfumo. Komandi yake siku hizi ni `findmnt`:

```
$ findmnt --real
TARGET        SOURCE    FSTYPE OPTIONS
/             /dev/sda2 ext4   rw,relatime,errors=remount-ro
├─/boot/efi   /dev/sda1 vfat   rw,relatime
└─/mnt/bakapu /dev/sdb1 ext4   rw,relatime
```

Nimekata kidogo safu ya mwisho isiwe ndefu. Hiyo `--real` inaondoa takataka zote za proc, sysfs, tmpfs na wenzake, unabaki na diski za kweli. Wakubwa wa zamani wataandika `mount` peke yake bila kitu, inaleta habari ile ile ila imebanana kama abiria wa asubuhi, macho yanauma. Na ukiwa kwenye mashine kongwe au kontena ambayo haina hata findmnt, `cat /proc/mounts` haijawahi kuniangusha, kwa sababu hiyo siyo faili la kweli, ni kerneli inakuandikia majibu pale pale unapouliza. Zamani ilikuwa ni `/etc/mtab`, faili la kawaida ambalo komandi ya mount ilikuwa inaliandika yenyewe, na kama mashine ilizimika vibaya liliweza likadanganya. Siku hizi kwenye mifumo mingi ukifanya `ls -l /etc/mtab` utakuta ni njia ya mkato tu inayokupeleka `/proc/self/mounts`. Hizi komandi bwana ni za kale, df, du na mount zote zilikuwepo kwenye toleo la kwanza la Unix mwaka 1971, wengi wetu hatujazaliwa.

Kila kitu kilionekana sawa. Diski ya mfumo ipo, eksteno ya bakapu ipo mahali pake, zote zinaandikika. `lsblk -f` nayo ikakubali, UUID (namba za utambulisho wa diski) zinalingana na fstab. Inodi (nafasi za kuandikishia mafaili, nitazieleza mbele) nazo nikaangalia kwa `df -i`, asilimia 4 tu. Nikapitisha du folda kwa folda:

```
$ sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h
```

Hakuna kitu. Usr yake ya kawaida, var yake, opt yake na ile logi, jumla 70 sasa. Nikarudia lsof +L1, mara hii hakuna hata moja. Nikaanza kufikiria mambo ya ajabu, labda mfumo wa faili umeharibika, labda nizime nipige fsck, ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili, usiku. (Fsck kwenye diski iliyomauntiwa usithubutu, hiyo ni kumfanyia mtu upasuaji huku anakimbia.)

Kilichonitoa sio ujanja wa komandi. Nilikuwa nasubiri du imalize nikawa napitia tu folda ya bakapu, kila usiku kuna faili moja lenye tarehe ya siku hiyo, gigabaiti 3 na nusu hivi kila moja, na macho yakaona pengo. Tarehe 28 Februari ipo. Tarehe 1 Machi, tarehe 2 Machi. Alafu faili linalofuata, 11 Aprili.

Siku 39 hakuna bakapu. Na kila asubuhi katika hizo siku 39 nilikuwa napata baruapepe kutoka kwenye skripti yangu mwenyewe inasema bakapu imekamilika. Nikajiuliza, imekamilikia wapi?

39 zidisha 3 na nusu. Nilifanya hiyo hesabu kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mia na thelathini na sita na nukta. Aisee nilisimama.

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Tarehe 3 Machi umeme ulikatika, hilo nalikumbuka. Seva iko kwenye UPS lakini UPS yenyewe betri imezeeka, ikazima, umeme uliporudi ikajiwasha. Eksteno ya bakapu ni ile kubwa yenye adapta yake, na adapta ilikuwa kwenye ekstensheni nyingine ukutani ambayo mtu, sitamtaja, alikuwa ameichomoa achaji simu. Kwahiyo seva ikawaka bila eksteno. Kawaida Linux ikikosa diski iliyoandikwa kwenye fstab inagoma kuwaka, inakutupa kwenye hali ya dharura inakusubiri, lakini mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimeandika hivi:

```
UUID=...  /mnt/bakapu  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Hiyo `nofail` maana yake "asipokuwepo endelea bila yeye". Niliiweka makusudi, ili eksteno ikifa siku moja ofisi isisimame. Na ikafanya kazi yake vizuri kabisa, seva ikaendelea bila eksteno. Tatizo ni kwamba `/mnt/bakapu` kama folda bado ilikuwepo. Folda tupu, kwenye diski ya mfumo. Usiku skripti ikaamka, ikakuta folda, ikaandika. Haijui kama chini yake kuna eksteno ya TB 2 au sakafu ya SSD, haijaambiwa iulize. Ikaandika siku 39.

Tarehe 11 Aprili nilipita pale kwa kazi nyingine, nikaona taa ya eksteno haiwaki, nikachomeka adapta, nikaandika `sudo mount -a`, nikaona sawa, nikaondoka. Sikufanya `ls` hata mara moja kabla ya kumaunti.

Na kumaunti ni kutandika mkeka. Ukitandika mkeka sakafuni palipokuwa na karanga zimemwagika, karanga hazijaenda popote, zipo, ila huzioni na ukifagia unafagia mkeka. Yale mafaili 39 yalikuwa kwenye folda ya `/mnt/bakapu` ya diski ya mfumo, na juu yake nikatandika eksteno. Du akipita anaona mkeka, na kwa sababu ya `-x` hata mkeka wenyewe haukanyagi. Lsof hana habari, mafaili yana majina yao na hakuna aliyeyashika. Daftari la df peke yake ndo lilikuwa linasema ukweli toka siku ya kwanza.

Unafunuaje mkeka bila kumsumbua mtu? Njia rahisi ni `umount` eksteno, lakini kama kuna kitu kinaitumia itakukatalia. Njia ninayoipenda ni kuiomba kerneli ikuonyeshe diski ya mfumo kwa mlango wa pili:

```
$ sudo mkdir /mnt/chini
$ sudo mount --bind / /mnt/chini
$ sudo du -sh /mnt/chini/mnt/bakapu
138G    /mnt/chini/mnt/bakapu
```

Zilikuwepo zote. `--bind` inaichukua diski moja tu, haibebi vilivyotandikwa juu yake (anayebeba ni `--rbind`, usichanganye), kwahiyo ukipita huo mlango wa pili unaikuta sakafu ikiwa wazi bila mikeka yote. Nilicheka peke yangu kwenye kile kichumba mpaka shangazi akachungulia akauliza kulikoni.

"Shangazi nimezipata."

"Umepata nini?"

"Bakapu. Zilikuwa chini ya mkeka."

Akaangalia sakafuni. "Hapa hakuna mkeka mwanangu. Umekunywa chai?"

Sikuwa nimekunywa. Nikaletewa chai na chapati mbili, nikaendelea. Kwanza sikufuta, nilishajifunza. Hizo zilikuwa bakapu za siku 39 ambazo hazipo mahali pengine popote, nikazihamishia kwenye eksteno kwa rsync kutoka `/mnt/chini/mnt/bakapu/` kwenda `/mnt/bakapu/`. Majina yanafanana mno, njia mbili zinaishia na neno lile lile, moja ina cha kufuta na nyingine ina cha kutunza, kwahiyo kabla ya kila `rm` nilikuwa naiuliza findmnt:

```
$ findmnt -T /mnt/chini/mnt/bakapu
```

Hiyo `-T` unaipa njia yoyote ile inakwambia njia hiyo iko kwenye diski gani hasa. Ikisema `/dev/sda2` niko sakafuni, ikisema `/dev/sdb1` niko mkekani, ondoa mkono. Hii komandi moja ingekuwa ni dawa ningewapa watu wote wanaotumia rutu waimeze asubuhi kabla ya kula. `df` ukiipa njia nayo inakujibu hilo hilo, kama umeshazoea df endelea nayo.

Nikafuta. 208 ikashuka mpaka 70. Nikaondoa mlango wa pili kwa `sudo umount /mnt/chini`, ikanijibu `target is busy`. Hii nayo ina dawa yake, `sudo fuser -vm /mnt/chini` inakutajia ni nani anaishikilia, jina na namba. Safari hii fuser alikuta mshikaji ni mimi, nimesimama ndani ya hiyo folda na teminali ya pili. Mara nyingi mshikaji ni wewe mwenyewe, anza na `cd /` kabla hujalaumu mtu. Na ukitumia fuser na bind kuwa makini kusoma, `-m` inahesabu wote walioko kwenye diski hiyo nzima, na hapa diski ni ya mfumo, orodha ilikuwa ndefu kama daftari la mahudhurio, ilibidi nitafute jina langu. Usije ukaongeza `-k` ukaiua seva nzima.

Alafu nikarekebisha nilichoharibu mwenyewe. Kwenye skripti nikaweka mstari mmoja juu kabisa:

```
mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1
```

`mountpoint` kazi yake ni moja tu duniani, kukwambia folda hii imetandikwa kitu au haijatandikwa. Kabla ya hapo nikaongeza na baruapepe ya kupiga kelele, sio kutoka kimya kimya. Na kwa sababu sijiamini tena nikaweka na kufuli ya pili, nikaondoa mkeka, nikaifunga folda tupu, nikatandika tena:

```
$ sudo umount /mnt/bakapu
$ sudo chattr +i /mnt/bakapu
$ sudo mount /mnt/bakapu
```

Ile `+i` inaifanya folda ya sakafuni isiandikike, hata rutu hawezi kuweka faili humo, lakini kutandika juu yake bado inakubali. Eksteno ikichomolewa tena skripti itapigwa ukuta badala ya kumwaga karanga sakafuni. Mwisho nikapitisha `findmnt --verify`, inaisoma fstab yako na kukuonyesha makosa kabla mashine haijazima, maana fstab ukiikosea utajua siku ya kuwasha tu na siku hiyo utakuwa mbali.

Toka nimesimulia hiki kisa kwa washkaji, kila mmoja ana cha kwake, na vingi havihusiani na mkeka. Jamaa mmoja df yake ilikuwa inamwambia ana nafasi gigabaiti 8 na bado seva inalia nospesi. Huyo ilikuwa inodi. Kila faili hata liwe na herufi moja linahitaji inodi yake, na kwenye ext4 idadi ya inodi inapangwa siku ya kuformati, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16, kwahiyo kaseva kake ka gigabaiti 20 kana inodi kama milioni 1.3 na hazizidi hapo. Tovuti yake ya PHP ilikuwa inatengeneza faili la seshoni kwa kila roboti anayepita na hakuna anayezifuta. `df -i` ikampa asilimia 100, `du --inodes -x / | sort -n | tail` ikamwonyesha folda yenyewe. Ukikutana na nospesi fanya df mara mbili, moja na `-h` na moja na `-i`.

Kijana mwingine alinitumia picha ya skrini usiku wa manane amepaniki, Ubuntu yake ina diski kumi na kitu zote ziko 100%. Zilikuwa ni zile loop za snap, vifurushi vya programu vya Ubuntu. Ni squashfs, zimetengenezwa zikiwa zimejaa na hazibadiliki, hapo 100% ndo hali yake ya kawaida. `df -hT -x squashfs -x tmpfs` na ulale. Ile `T` inaongeza safu ya aina ya mfumo wa faili, inasaidia sana pia kwenye flashi, maana ukiona vfat (FAT32 hiyo) utajua kwanini video yako ya gigabaiti 5 inakataa kukopika wakati flashi ina nafasi, faili moja kwenye FAT32 halifiki gigabaiti 4.

Na kama unatumia NFS, yaani umemaunti folda ya mashine nyingine kupitia mtandao, siku seva ya upande wa pili ikifa, df yako itaganda. Unaandika df, kimya, Ctrl+C, kimya. Ni kwa sababu df inaenda kumuuliza kila mwenye duka na mmoja wao amekufa, anasubiri jibu la marehemu. `df -l` inauliza za hapa hapa tu. Findmnt ya kawaida haigandi kabisa, yenyewe inasoma orodha ya kerneli haiendi kugonga mlango wa mtu. Ndo sababu nyingine nimehamia huko.

Lingine fupi, mashine ikianza kukataa kuandika chochote lakini nafasi ipo na inodi zipo, angalia `findmnt -t ext4 -O ro` (kwenye kerneli mpya inaweza isionyeshe kitu, hapo dmesg ndo wa kuamini). Ile `errors=remount-ro` uliyoiona pale juu maana yake ext4 ikikuta hitilafu inajifungia kuwa ya kusoma tu ili isiharibu zaidi. Soma `dmesg`, alafu nunua diski mpya kabla ya kufanya kingine chochote.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa shangazi. Ile soketi ya adapta nilikuwa nimeibandikia karatasi na makapeni nyekundu, USICHOMOE, BAKAPU. Karatasi bado ipo. Pembeni yake kuna ekstensheni mpya yenye matundu sita, simu nne zinachaji, na kwenye tundu la mwisho jagi la kuchemshia maji. Nikapiga `mountpoint /mnt/bakapu`, ikasema ipo. Jagi nikaliacha, chai yenyewe nakunywa na mimi.